Bukari ya Jumamosi

Leo nimeombwa niseme redioni, kwenu watu wa Base ya Kamina, juu ya vijana na kazi ya bure. Nayo ni kazi ile mnayoijua: kufyeka majani ya barabara, kuzibua mtaro, kufyatua tofali za darasa, kuzunguka nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Je, ni jambo jema, au ni kuwanyonya watoto wa watu? Wazee wengi niliowauliza walinijibu haraka: kijana akikaa bure anaharibika, apewe jembe. Vijana nao walinijibu haraka vilevile: jembe tunalo, tupe falanga.

Mimi naomba kuanzia kwenye sufuria.

Jumamosi moja mwezi uliopita kijana wa jirani yangu, ana miaka 21, alirudi nyumbani saa saba ya mchana. Alikuwa amefyeka tangu saa moja, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Akanawa mikono, akakaa, mama yake akamwekea bukari na sombe. Akaimaliza. Akaangalia sahani ya mdogo wake, na mdogo wake, ambaye si mjinga, akaivuta karibu. Mama akasonga tena. Alipokuwa anasonga akauliza, bila hasira: “Hao waliowaita, waliwapa hata maji ya kunywa?” Kijana akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, nikacheka pia, lakini swali lile nilikwenda nalo nyumbani.

Tangu siku hiyo nimeamini hivi: hakuna kazi isiyo na mlipaji. Tunasema kazi ya bure kwa sababu hatumuoni anayeilipa. Kijana asipolipwa na shefu wa katiye, mkubwa wa mtaa, asipolipwa na serikali, asipolipwa na shirika lenye gari jeupe, basi analipwa na unga wa mama yake. Kila tunapobishana kama kazi hii inamfaa kijana au haimfai, tunamsahau mtu wa tatu, yuko jikoni, anapuliza makaa.

Kwetu kazi hii ina jina, na jina lenyewe lina historia. Salongo. Neno ni la Kilingala, lakini wenye nywele nyeupe wa huku wanalijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Katika miaka ya 1970 Zaire ya Mobutu iliifanya salongo kuwa lazima, na Jumamosi ikawa siku yake. Baba yangu alinisimulia kwamba Jumamosi hizo unaweza kumjua mtu kwa jembe lake. La mkulima lilikuwa limelika ncha. La mkubwa wa ofisi liling’aa, karatasi ya duka bado imeshika mpini. Na wale wakubwa zaidi hawakuwa na jembe kabisa, walikuwa na boyi wa kutuma.

Lakini salongo haikuanza na Mobutu. Chini ya Wabelgiji, tangu amri ya mwaka 1917, mkulima wa Kongo alilazimishwa kulima mazao aliyochaguliwa, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo zilipandishwa hadi 120. Babu zetu walilima pamba kwa namna hiyo, na asiyelima alionja jela au kiboko. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponiwasha: zile kazi walizowatwisha watu wa vijijini, wakoloni waliziita kwa karatasi zao kazi za kuelimisha. Ndiyo, za kuelimisha. Mtu anachapwa mgongo, karatasi inasema anaelimishwa.

Kwa hiyo mkubwa anaposimama leo na kusema salongo itawafundisha vijana wetu nidhamu, asishangae mzee akikohoa pale nyuma. Sisemi anadanganya. Nasema sentensi hiyo ilikwisha kutumika, na ilitumika vibaya. Na sisi wa Base tuwe waangalifu mara mbili. Mahali hapa Wabelgiji walianza kupajenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kama kambi ya jeshi na ndege. Novemba 1964 askari wao wa miavuli walipita hapa wakienda Stanleyville. Uwanja, karakana, nyumba zilizopangwa mstari, vyote vilizaliwa kwa amri. Mtu aliyekulia mahali pa amri anaweza kuzeeka bila kusikia tofauti kati ya “njoo” na “tafadhali, njoo.”

Nami mwenyewe nilijifunza tofauti hiyo shuleni, shule nisiyoitaja. Alhamisi ilikuwa siku ya kazi za mikono. Tulipeleka jembe, tukalima, tukapanda, tukapalilia mahindi. Mwalimu alisema ni shamba la shule. Mahindi yalipokomaa tulikuja siku moja tukakuta mabua tu. Wiki ile mke wa mwalimu aliuza mahindi mabichi sokoni, matamu kweli, mama yangu alinunua manne. Sikuwa na umri wa kusema neno. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia “kazi ya jumuiya,” nauliza kwanza mahindi yatakwenda wapi.

Basi, je, niseme vijana waache? Hapana. Na sababu yangu si maneno ya kanisani, ni jambo lililotokea katika mkoa huu wetu.

Mnakumbuka polio. Mwaka 2017 mkoa wetu wa Haut-Lomami ulikutwa na virusi vya polio vya aina ya 2, vile vinavyotokana na chanjo yenyewe pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi vikazunguka kati yao mpaka vikapata tena nguvu ya kupooza. Februari 2018 wizara ya afya ikatangaza hali ya dharura kwa nchi nzima, na mkoa wetu ulikuwa katikati ya moto huo. Dawa ni matone mawili mdomoni. Ni rahisi kusema. Lakini matone hayo lazima yabaki baridi, na mkoa huu una vijiji ambavyo gari haliingii, na una maziwa ya Upemba ambako wavuvi wanahama na samaki, leo kisiwa hiki, kesho kile. Nani alibeba masanduku ya baridi begani? Nani aliingia kwenye mtumbwi, akahesabu watoto mlango kwa mlango, akawapaka wino kidoleni, akabishana na baba aliyesema chanjo inaua uzazi? Madaktari walikuwepo, wauguzi walikuwepo, lakini nyuma yao walikuwepo wale tunaowaita relé, relé wa jamii, waliochaguliwa na majirani zao. Wengi wao vijana. Wengine kutoka hapa hapa katika zona ya afya ya Baka.

Mshahara hawana. Wakati wa kampeni hupewa kafalanga ka njia, na mara nyingi kanakuja wakati viatu vimekwisha kutoboka. Baina ya kampeni moja na nyingine, hakuna kitu. Lakini mama wa kijiji hamfungulii mlango mtu wa gari jeupe, anamfungulia mtoto wa fulani. Hiyo ni nguvu ambayo falanga hazinunui. Ukimleta mgeni umlipe mara tatu, mlango utabaki umefungwa.

Na kijana mwenyewe hupata kitu, tusikatae. Nimewaona waliojifunza kuandika rejista bila kukosea mstari, kusema mbele ya mkutano wa watu wazima, kumnyamazisha mlevi bila kumpiga. Katika mji ambapo reli ndiyo ilikuwa mwajiri mkubwa, na wazee wetu wa shirika la reli, SNCC, wanajua vizuri maana ya kufanya kazi miezi na miezi bila mshahara (yao haikuitwa salongo, iliitwa ajira), kijana anapata wapi mahali pa kuonyesha kwamba ni mtu wa kutumainiwa? Kukaa chini ya mwembe akihesabu ndege hakumpi jina. Kazi ya jumuiya inampa jina. Siku nafasi ikipatikana, watu watasema: yule, mwiteni yule.

Hata hivyo tazameni jambo hili. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa mwongozo mwaka 2018, likasema wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi yao, isitegemewe hisani peke yake. Na Kenya mwaka 2023 ilianza kuwalipa wahudumu wake karibu laki moja shilingi 5,000 kila mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Si utajiri. Ni unga, sabuni na mafuta. Wakenya hawakuacha kupenda majirani zao kwa sababu ya shilingi hizo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kijana akilipwa atapoteza moyo wa kujitolea, namuuliza kama yeye mwenyewe amepoteza moyo wake tangu aanze kulipwa.

Kwangu mpaka uko hapa. Kazi ya siku moja moja, jirani kwa jirani, ibaki bila mshahara. Nyumba ya mjane imebomoka, tuiinue. Kisima kimejaa mchanga, tuutoe. Wazee wetu Waluba walilimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na mwenye shamba alipika. Sikilizeni tena: mwenye shamba alipika. Hakuna aliyekwenda kumlimia mwenzake kisha akarudi kula kwa mama yake. Lakini kazi ya kila siku, inayohitaji ujuzi, ambayo ikikosa kufanyika mtoto anapooza, hiyo ni kazi kama kazi nyingine, na anayeifanya anastahili malipo.

Na kuna kazi ya tatu, hii ndiyo inayonikasirisha. Chukua mtaro wa soko. Kila asubuhi mama muuza mboga, kabla hajauza hata fungu moja, analipa tiketi ya soko. Tiketi ile ndiyo fagio. Ndiyo koleo, ndiyo mshahara wa msafishaji. Sasa Jumamosi vijana wanaitwa kusafisha mtaro uleule bure, kwa jina la kupenda mji wao. Tiketi imekwenda wapi? Mama yule amelipa asubuhi kwa falanga, na mchana analipa tena kwa bukari ya mwanawe aliyerudi na njaa. Analipa mara mbili kwa mtaro mmoja, na mvua ikinyesha bado maji yanaingia kwake. Salongo ya namna hii haifundishi uzalendo. Inafunika shimo la pesa kwa migongo ya watoto.

Nimtaje na msichana kidogo. Kaka yake akitoka salongo, analala. Yeye akitoka salongo, anakwenda kuchota maji. Shefu anayepanga saa ya kazi akumbuke hilo.

Tuchungulie kwa majirani. Kuna nchi jirani, siku hizi kuitaja redioni ni kutafuta maneno, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wazima wote wanatoka asubuhi, hata rais anashika koleo, na asiyetoka anaweza kutozwa faini. Barabara zao ni safi, sitakataa. Lakini usafi unaotokana na faini unadumu kwa muda ambao mtoza faini yuko macho. Sisi tuliona: Mobutu alipolegea, salongo ikalegea siku hiyohiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Tanzania. Oktoba 1966 serikali ilitaka vijana waliomaliza masomo ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, wakae kambini, kisha wafanye kazi miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara wao. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Dar es Salaam mpaka Ikulu. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, wakarudishwa makwao. Mimi naona alikosea kuwafukuza. Lakini angalieni alichofanya siku ileile: vijana walikuwa wamelalamikia mishahara minono ya wakubwa, naye akasema wana haki juu ya hilo, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa maneno mengine, kabla ya kuomba unga wa mama wa watu, alitoa wa kwake mezani. Nionyesheni hapa kwetu mkubwa aliyefanya hivyo kabla ya kuita salongo, nami nitakwenda kufyeka kwake mpaka usiku.

Sasa nije karibu, maana najua mnangoja niseme. Kaniama-Kasese. Iko katika mkoa huu wetu. Huduma ya taifa, ile ya Laurent-Désiré Kabila iliyoundwa mwaka 1997, ina mashamba yake makubwa huko, na kuanzia mwaka 2020 walianza kuletwa vijana wa Kinshasa, wale kuluna waliokuwa wakitembea na panga. Wanafundishwa useremala, ushonaji, uashi, kilimo. Wanapewa jina jipya, wajenzi. Mahindi yao tumeyala, madawati yao yamekaliwa na watoto.

Nimesikia watu wa huku wakisema: mnaona, kijana akilazimishwa anakuwa mtu. Polepole, wandugu. Kijana aliyeshika panga mtaani na kijana anayekaa kwa mama yake akitafuta kazi hawako kwenye kikapu kimoja. Na hata kwa yule wa panga, watetezi wa haki waliuliza swali ambalo mimi naliona ni la haki: hukumu ya korti iko wapi? Mtu akihukumiwa miaka miwili, anajua atatoka lini. Asiyehukumiwa anahesabu kwa kitu gani? Kujifunza useremala ni kuzuri, nami ningependa vijana wetu wa Base nao wapewe randa na msumeno kama wale. Inachekesha, au inaliza: hapa ili mtu akufundishe ufundi bure inafaa kwanza utishe watu Kinshasa.

Sheria haiko kimya. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inasema hakuna mtu atakayetiwa katika kazi ya kulazimishwa. Na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 juu ya kazi ya kulazimishwa, ambao Kongo imefungwa nao tangu mwaka wa uhuru, unaruhusu kazi ndogondogo za jumuiya, lakini kwa sharti: ziwe kwa faida ya jumuiya yenyewe moja kwa moja, na watu wake, au wale wanaowasemea, wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Kuulizwa. Neno dogo hilo ndilo linalotofautisha salongo ya mjane na pamba ya babu.

Kwa hiyo wewe, baba shefu wa katiye, na wewe, mkubwa wa shirika, mkiwataka vijana, msianze na orodha ya majina. Anzeni na kikao, waambieni kazi ni ipi, ni ya nani, itakwisha saa ngapi, na kama pesa ya kazi hiyo ilikwisha kutolewa mahali fulani, semeni mbele yao imefanya nini. Leteni makoleo, kwa sababu kijana akivunja jembe la baba yake katika mtaro wa serikali, vita vyake viko nyumbani. Akifanya kazi miezi, mwandikieni karatasi yenye jina lake na muhuri, inayosema amejua nini. Karatasi hiyo haiwagharimu chochote na yeye itamfungulia mlango. Na ninyi vijana, msikatae kila kitu kwa kusema hakuna falanga. Mkiitwa kwa mjane, kimbieni. Mkiitwa kwa mtaro wa soko, ulizeni habari ya tiketi, kwa adabu, mkiwa mmesimama.

Wakati wangu umekwisha, fundi ananionyesha saa. Neno la mwisho ni kwa mama yule, jirani yangu, najua redio yako iko wazi. Jumamosi ijayo wanawaita tena. Mwache mtoto aende. Na wewe pika, mama, usiache kupika. Lakini Ijumaa jioni umtume kwa shefu na kibakuli, aseme: mama anasalimu sana, anaomba unga wa salongo.